Tupeni na namba ya floraidi kwenye bili ya maji

Ndugu Mhariri,

Mvua zikianza tu, gazeti lenu halikosi kile kisanduku pembeni ya ukurasa: chemsheni maji ya kunywa. Redio inasema hivyo hivyo, na mwenyekiti wetu wa mtaa anapita na kipaza sauti kusema hivyo hivyo. Mimi nachemsha, tena kwa kazi. Ni mama lishe hapa Arusha, soko la Kilombero, mwaka wa kumi na tisa huu. Sufuria yangu ya makande hubandikwa saa tisa usiku na kuepuliwa saa nne asubuhi, wapagazi wa viazi wanapoanza kuiulizia. Kwa habari ya kuchemsha maji sidhani kama kuna wa kunifundisha. Lakini kwetu huku neno hilo ni nusu ya habari. Nusu ya pili naitembeza mdomoni.

Meno yangu ni ya kahawia. Sisemi manjano ya mtu aliyeukimbia mswaki. Ni kahawia ya chai ya rangi iliyomwagikia shuka, yana mistari, na mawili ya mbele juu yana vishimo kama yaliyochomwa sindano. Nilizaliwa mwaka 1966 Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima Meru, na darasani kwetu mwenye meno meupe alikuwa mmoja tu, mtoto wa mwalimu aliyehamia kutoka Tukuyu. Tulimwona yeye ndiye mwenye kasoro.

Kwamba kasoro ni yetu nilikuja kujua mwaka 1987, nilipokwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yangu. Kuna mtu alisema jambo la kuchekesha, nikacheka kama wenzangu, na mama mmoja akamwambia jirani yake bila hata kushusha sauti, "Huyu wa Arusha." Tangu siku ile nacheka na kiganja mdomoni. Kwenye kitambulisho cha taifa nimebana midomo kama niliyepelekwa polisi. Nimesugua majivu, mkaa, chumvi na ndimu. Mwishowe daktari wa meno akaniambia mama usijisumbue, rangi hii haikupakwa juu ya jino, jino limeumbwa nayo. Kulifunika kunawezekana, ila kwa bei ya watu wengine.

Mwenye kosa ni madini ya floraidi. Kidogo yanasaidia meno, ndiyo maana yamo kwenye dawa ya mswaki. Yakizidi yanayaharibu, na huharibu wakati jino linatengenezwa, likiwa bado ndani ya ufizi, tangu mtoto akiwa mchanga hadi anapofika kama miaka minane. Ndiyo maana mtu akihamia Arusha na meno yake ya ukubwani tayari, anakaa miaka thelathini akinywa tunachokunywa sisi na bado anacheka bila kiganja. Majirani zangu waliotoka Mbeya na Bukoba ni hivyo hivyo. Watoto wao waliozaliwa hapa ndio wanaofanana na mimi.

Nimesikia watu wengi wakieleza kwamba ni ile rangi ya maji. Kuna mto unaitwa Maji ya Chai, na mji mdogo umepata jina kwake. Na Ngarenanyuki yenyewe kwa Kimaasai ni maji mekundu. Basi mtu anaunganisha: maji ya rangi ya chai, meno ya rangi ya chai. Sivyo. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Unaweza kuikinga kwenye glasi ukaiona inang'aa kama kioo, ukamshukuru Mungu kwa maji safi, ukampa mtoto.

Inatoka mlimani. Meru ni mlima wa volkano, na mvua inayozama pale inapita kwenye miamba na majivu ya zamani yaliyojaa madini hayo. Kama maji yangekuwa na chokaa nyingi, chokaa ingeishika floraidi ikatuama. Maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki imeyeyuka na kusafiri nayo. Kwa kawaida chemchemi za juu zina nafuu. Kadiri maji yanavyokaa ardhini na kuteremkia tambarare, ndivyo yanavyozidi kubeba. Ukitaka kuona mwisho wa safari hiyo nenda maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, si mbali na nilikozaliwa: huko floraidi inahesabiwa kwa mamia ya miligramu kwenye lita moja. Heroe wanastawi. Sisi tulichunga mbuzi pembeni.

Na meno ndiyo bahati nzuri. Wanaokunywa maji makali zaidi kwa miaka mingi hushikwa mifupa: mgongo unakakamaa, shingo inakataa kugeuka, miguu ya watoto inapinda. Kule Tindigani, wilaya ya Hai, watafiti wameiandika miguu hiyo kwa miaka mingi. Kijijini kwetu tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye miguu yake ilifanya kama upinde. Tulimkataza kudaka, tukisema mpira utapita katikati. Watoto ni watoto. Wakubwa walisema amerogwa, na kuku wengi wa kwao waliishia kwa mganga. Maji yakaendelea kutekwa pale pale.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Miligramu ni kitu kidogo kweli: ndoo nzima ya lita 20 yenye kiwango hicho ina miligramu 30, hazijai hata kwenye ukucha. Sisi Tanzania, miaka ya 1970, tulijiwekea kiwango cha muda cha vijijini cha miligramu 8. Baadaye kikawa 4, kikakaa hapo miaka na miaka, na sasa kimeshushwa hadi 1.5 kama kwa wenzetu. Siwabezi waliokiweka kule juu. Ukanda wa floraidi haukuishia kwetu, unagusa Kilimanjaro na Manyara, unakwenda Singida, Shinyanga mpaka Mwanza. Ungesema 1.5 siku zile ungefunga visima vingapi, na watu wangekunywa nini? Naelewa. Lakini naomba msomaji alitazame hili na kikombe mkononi: mtoto aliyelelewa na maji ya 3.9 alikunywa maji halali. Karatasi ilisema salama. Leo meno yake ni ya kahawia na hana wa kumdai hata samahani, kwa sababu hakuna aliyevunja sheria. Maji ni yale yale na kisima ni kile kile. Kilichosogezwa ni mstari.

Kwa hiyo mtu akiniambia "maji haya ni salama" siku hizi namuuliza, salama kwa ngapi?

Swali hilo nililijifunza kwa gharama. Binti yangu na mumewe walipanga upande wa Muriet, nyumba yenye kisima kirefu, pampu, na simtanki juu ya mnara wa mabomba. Mjukuu wangu alikunywa maji hayo tangu alipoanza uji hadi miaka minne na nusu. Mwenye nyumba ni mtu mwema, kodi ikichelewa anakuja kukusalimia tu, anauliza habari za watoto, anaondoka. Karibu na bomba anapouzia ndoo alikuwa ametundika karatasi ya maabara ndani ya plastiki. "Yamepimwa haya, mama. Safi kabisa."

Nikavaa miwani nikaisoma yote. Vijidudu vya kinyesi, hakuna. Tope, hakuna. Harufu, hakuna. Floraidi haikutajwa, kwamba ipo au haipo, kwa sababu aliyepeleka chupa alilipia kipimo cha vijidudu peke yake.

"Baba, yamepimwa nini?"

"Si yamepimwa, mama."

Nikajaza chupa yangu, nikaipeleka maabara mwenyewe, nikalipia floraidi tu. Namba iliyorudi siiandiki hapa, maana yule ni jirani na anasomesha watoto kwa ndoo zile zile. Niseme tu kwamba ilianza na tarakimu 5. Binti yangu alihama mwezi ule ule. Mwenye nyumba naye alisikitika kweli, akaandika kwa chokaa pembeni ya bomba: ya kufulia na kujengea. Mvua ya kwanza ikafuta. Hakuandika tena, na ndoo zinaendelea kupangwa foleni.

Kabla hawajahama tulikuwa tumeshatoa pesa kununua chujio. Kijana alikuja nalo hadi mlangoni, ndoo mbili za bluu, moja juu ya nyingine, na jiwe jeupe katikati. "Linaondoa kila kitu, mama yangu." Ningekuwa nimefikiri kama mpishi nisingelinunua. Floraidi imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Nani amewahi kuchuja mchuzi kwa kitambaa akatoa chumvi? Jiwe la udongo linazuia vijidudu na tope, na kwa kazi hiyo ni zuri, bado tunalo. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu, floraidi haiigusi. Na kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapaa kwa mvuke, floraidi inabaki chini. Ukibandika lita 10 zikabaki 7, floraidi yote ya zile 10 imo ndani ya hizi 7. Makande yangu nayaongezea maji mara tatu, mara nne, usiku kucha. Hesabu hiyo niliipiga nimekaa juu ya kigoda, saa kumi alfajiri, wateja wangu bado wamelala, na sikuipenda.

Msinielewe vibaya. Endeleeni kuchemsha. Kipindupindu kinaua kwa siku moja, floraidi inachukua utoto mzima. Nachosema ni kwamba hizo ni shida mbili na tumepewa dawa ya moja.

Tena nilikuwa naweka magadi. Kila mpishi wa huku anajua, kijiko cha magadi kwenye maharage au kwenye kiburu na mkaa umeokoa nusu. Lakini magadi haya yanayookotwa kwenye ardhi ya huku hubeba floraidi yake, mengine nyingi kuliko maji yenyewe. Nimeyaacha tangu mwaka juzi. Maharage na mahindi sasa nayaloweka tangu jioni, mkaa wa wiki unaishia Alhamisi, na wateja wa zamani wananiambia makande yamepoteza ile ladha. Mmoja amehamia kwa mwenzangu wa meza ya pili anayeendelea kuweka. Bado namsalimia, lakini chai hakopi tena. (Na majani ya chai nayo yana floraidi, jamani. Hapo niliamua nisisome zaidi.)

Dawa ipo, na imefanyiwa kazi hapa hapa nyumbani. Pale Ngurdoto wizara ya maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia yao inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapita humo. Mfupa unaipenda floraidi, uwe ndani ya mtu au ndani ya ndoo. Afadhali ikashikwe na ndoo. Nilipomweleza mteja wangu mmoja wa Kondoa, aliweka kijiko chini akauliza kwanza, "Mifupa ya nini?" Swali la haki kabisa, na wanaogawa machujio haya inafaa walijibu mapema, si kusubiri uvumi. Pia mwaka 2015 Dk Askwar Hilonga, wa taasisi ya Nelson Mandela hapa hapa Arusha, alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika kutoka Uingereza kwa chujio alilolibuni. Tulifurahi sana. Akili tunayo.

Shida ya mkaa wa mifupa ni kwamba unashiba. Chenga zikishajaa floraidi, maji yanapita tu kama yanavyopita kwenye mchanga, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Inabidi kuzibadilisha. Lini? Inategemea maji yako yana floraidi kiasi gani na unachota ndoo ngapi. Ndoo ninazijua. Narudi tena kwenye namba nisiyoijua.

Tunakinga na mvua, bila shaka. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hayana floraidi ya kusumbua, na bati langu la mabati kumi na nane likipata masika nzuri tunakunywa hadi Julai. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe vumbi na mavi ya ndege, na haya tunayachemsha kweli kweli. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Ngarenaro au Unga Limited akinge kwenye bati la nani, ayaweke wapi?

Nije kwenye bomba. Mji huu umepata mradi mkubwa wa maji, wa shilingi bilioni 520, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ukiwemo, wa kutupandisha kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Moja ya sababu zilizotajwa tangu mwanzo ilikuwa hiyo hiyo floraidi. Mimi nimeuona mradi kwa macho yangu: zamani Sombetini bomba lilikohoa mara mbili kwa wiki, usiku wa manane, tukaamka kukinga kama watu waliosikia mwizi. Siku hizi naamka kwa ajili ya makande tu. Kwa hilo nashukuru, na anayetaka kuligeuza andiko hili kuwa matusi kwa serikali ataliandika la kwake.

Ila maji ya mji mkubwa hayatoki mahali pamoja. Yapo ya chemchemi, yapo ya visima vya zamani, yapo ya visima vipya, na yale makali yanapozwa kwa kuchanganywa na yale laini. Kuchanganya ni njia nzuri, hata mimi unga mkali wa mtama naupoza kwa wa mahindi. Lakini mchanganyiko unabadilika. Pampu moja ikizimwa, chemchemi ikipungua kiangazi, mtaa uliokuwa unakunywa nusu kwa nusu unaweza kunywa upande mmoja tu. Kwa hiyo mtu akitoa wastani wa jiji zima hajanisaidia. Mjukuu wangu hanywi wastani. Anakunywa maji ya bomba lililopo mbele ya mlango wetu.

Ombi langu ni dogo kuliko urefu wa barua hii. Kila mwezi ujumbe wa bili unaingia kwenye simu yangu. Unanitaja kwa jina. Unajua uniti nilizotumia, deni la nyuma kama lipo, na namba ndefu ya kulipia ambayo nikikosea tarakimu moja pesa haiendi. Basi ujumbe ule ule uongezwe tarakimu mbili na nukta katikati: floraidi ya maji ya eneo lako mwezi huu. Basi. Maji yanapimwa, sina shaka, hakuna mamlaka ya maji isiyo na daftari la vipimo. Daftari lifunguliwe kidogo upande wetu. Na wanaouza maji ya visima kwa ndoo nao watakiwe kutundika namba hiyo hiyo, kubwa, isomeke bila miwani, yenye tarehe.

Angalieni chupa ya maji ya dukani, hata ile ndogo ya mia tano. Pembeni, kwa herufi za sisimizi, madini yameandikwa, na floraidi imo na namba yake. Anayenunua nusu lita anaambiwa. Anayenunua uniti kumi na nne kwa mwezi, akapikie wapagazi na kulea mtoto, haambiwi.

Nimeshalisema hili kwenye kikao cha mtaa. Nilijibiwa na kiongozi mmoja, kwa upole kabisa, kwamba namba zinaweza kuleta taharuki. Taharuki gani? Watu wa huku wamezaliwa na taharuki mdomoni. Mpwa wangu alisomea hoteli miaka miwili, akaitwa usaili wa mapokezi, kwenye mji huu unaoishi kwa watalii. Aliyemsaili alimwomba acheke. Akacheka. Akaambiwa wana nafasi kule nyuma, kwenye nguo za kufua. Alichukua, kwa sababu kazi ni kazi, na mpaka leo anapiga pasi mashuka ambayo wengine wanayatandika wakitabasamu. Huyo ukimtumia ujumbe wa "floraidi 2.1" hatakimbia nyumba. Atatazama mtoto wake, atapima ndoo zake, ataamua ya kunywa yatoke wapi na ya kufulia yatoke wapi. Mtu anayejua namba anapanga. Asiyejua ndiye anayekwenda kwa mganga na kuku.

Na mpango wenyewe hauhitaji maji mengi, hilo watu hawalifikirii. Si lazima ndoo zote za nyumba ziwe za 1.5. Kufua, kudeki, kumwagilia mchicha, kuoga, yote hayo hayana neno. Tunayotafuta ni ya kunywa na ya kupikia, na zaidi ya wote ya wale walio chini ya miaka minane. Ndoo moja kwa siku inatosha mtoto na uji wake na ikabaki. Nikijua kwamba mwezi huu bomba langu liko chini, namnywesha ya bomba na chenga zangu za mifupa zinapumzika. Likipanda, narudi kwenye chenga.

Nawe Mhariri nina ombi lako. Kile kisanduku cha mvua msikiondoe. Kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na wengine wa ukanda huu, ongezeni mstari mmoja chini yake: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Ni maneno matano, nimeyahesabu, nafasi ipo.

Mjukuu wangu sasa ana miaka sita na miezi miwili. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe kama mchele, na jirani mmoja aliniambia unaona, ulikuwa unajisumbua. Meno ya utoto hayasemi kitu, mara nyingi huponea. Ya ukubwani ndiyo yaliyokuwa yanatengenezwa ufizini kule Muriet wakati sisi tunasoma karatasi kwenye plastiki. Wiki mbili zilizopita jino la chini la mbele lilitoka, tukalitupa juu ya bati kama ilivyo desturi. Jana usiku, kabla sijabandika, aliniita nimmulike kwa tochi ya simu.

"Bibi, limeota? Ni jeupe?"

Nikaangalia. Ufizi umepasuka na ncha inaonekana, nyembamba kama punje ya ulezi, na kwa mwanga wa simu kila kitu kinaonekana cheupe. Ya chini hata hivyo si ya kuamini sana, ya juu ndiyo huathirika zaidi, na hayo bado mwaka mzima. Nikamwambia afunge mdomo, alale, tutaangalia tena Jumapili juani.

Mama lishe, soko la Kilombero,
Arusha.
(Jina na namba ya simu vimehifadhiwa.)